Nairobi siku tatu na watoto wadogo, mkitokea Kampala

Wazazi wenzangu, Nairobi na watoto si ile Nairobi ulienda ukiwa kijana na begi moja mgongoni ukalala popote. Mimi nina wawili, mkubwa miaka 6, mdogo 3 na nusu, tumeenda mara mbili, mara ya kwanza ilikuwa vurugu tupu na ya pili ikawa tamu mpaka wanauliza lini tena, na tofauti haikuwa pesa. Mara ya kwanza nilipanga kwa orodha, hiki na hiki na hiki. Mara ya pili nilipanga kwa upande wa mji. Jam ya Nairobi unaijua au umeisikia, ukimkalisha mtoto kwa gari saa moja na nusu kutoka katikati ya mji kwenda Lang'ata, alafu umrudishe, alafu jioni umpeleke tena upande ule ule, utakuwa umeona barabara tu na kilio.

Sa angalia ramani kabla hujabuku chochote. Vitu vinavyowafurahisha watoto wadogo vingi viko Lang'ata na Karen: twiga, watoto wa tembo, na mbuga yenyewe ya Nairobi. Makumbusho ya taifa na makumbusho ya reli viko mjini. Kwa hiyo siku mbili upande wa Lang'ata na mlale huko huko, siku moja mjini. Tafuta nyumba ya kupanga yenye jiko, usikimbilie hoteli ya kifahari, manake mdogo wangu anaamka saa nane usiku anataka maziwa ya moto na huwezi kupiga simu mapokezi kila usiku.

Karatasi ndo zinaangusha watu. Mtu mzima Mganda anavuka na kitambulisho cha taifa, ila mtoto hana hicho kitambulisho, mtengenezee paspoti yake mwenyewe na uanze mapema, usingoje wiki ya likizo ambapo kila mzazi wa Kampala yuko kwenye foleni. Beba cheti cha kuzaliwa. Kama unasafiri peke yako bila mwenzako, beba barua yake ya kukubali na kopi ya kitambulisho chake, IMEPRINTIWA. Mimi barua ilikuwa kwa simu na simu ikazima moto mbele ya dirisha la uhamiaji, nikasimama pembeni na watoto wawili natafuta chaja kama mwizi. Afisa alikuwa mpole, kosa langu mwenyewe. Kisha kadi ya homa ya manjano: chanjo inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa na sasa inadumu maisha yote, kwa hiyo ukishaichoma weka kadi vizuri usiipoteze. Ile ruhusa ya kuingia inayoombwa kwa intaneti, sisi wa Afrika Mashariki hatuihitaji, lakini kama kwenye familia kuna mwenye paspoti ya nchi ingine, angalia yake kando.

Basi au ndege? Kwa ndege kutoka Entebbe ni kama saa moja hivi, mkipita ile barabara ya kulipia mnafika eapoti bila presha. Basi la usiku ni bei rahisi sana ukilinganisha, ila ni masaa 12 au zaidi, na mpakani, Busia au Malaba, mnashuka usiku wa manane mnapanga foleni na mtoto amelala begani mzito kama gunia la mahindi. Uzuri siku hizi mnagonga mihuri ya nchi zote mbili kwenye jengo moja. Wangu wa miaka 6 angeweza. Wa miaka 3, hapana, sitarudia. Kama pesa ni ndogo, afadhali punguza usiku mmoja wa kulala ulipe ndege ya kwenda, mrudi na basi la mchana watoto wakiangalia dirishani.

Kabla ya kufunga begi, toa kaveera zote. Kenya walipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017 na hawacheki. Na zile chupa za maji za plastiki za kutupa haziruhusiwi kwenye mbuga na misitu yao tangu 2020, kwa hiyo kila mtoto na chupa yake ya chuma. Sweta pia, bannange, Nairobi iko juu kuliko kwetu, mwezi wa saba asubuhi watoto wa Kampala wanatetemeka kama kuku aliyenyeshewa.

Siku ya kwanza yenyewe usipange kitu. Fikeni, nunueni laini ya simu kwa kutumia paspoti na uweke M-Pesa, manake mbuga zao zinalipwa kwa intaneti hawapokei noti mlangoni. Pesa zidisha kwa 28 hivi kujua ni ngapi za kwetu, na hapo ndo utashtuka bei ya chips. Neno moja la kuwaambia watoto: huku teksi ni gari ndogo ya kukodi, ile tunayoita teksi sisi wao wanaita matatu. Mkubwa wangu aliona matatu imechorwa picha kila mahali na mziki unapiga mpaka vioo vinatetemeka akaniuliza kama ni harusi. Sisi tulitumia gari za kuita kwa apu, hazina kiti cha mtoto, kaa naye nyuma ufunge mkanda.

Siku ya pili ndo siku kubwa. Saa tatu asubuhi muwe mlangoni kwa twiga, Giraffe Centre, pale Lang'ata, wakati twiga hawajashiba. Mkifika mchana wameshalishwa na mabasi matatu ya wanafunzi wanakuangalia tu. Kuna jukwaa la juu, mnasimama usawa wa kichwa cha twiga, mnapewa vidonge vya chakula mkononi. Mfundishe mtoto afungue kiganja, asishike kwa vidole. Ulimi ule ni karibu nusu mita, mweusi wa zambarau, unatoka polepole unazunguka mkono wote na kuacha mate mazito kama bamia, mdogo wangu alipiga kelele, akajificha nyuma ya sketi yangu, alafu baada ya dakika mbili ananyoosha mkono tena. Msisimame karibu sana na kichwa chake, twiga akichukia anapiga na kichwa. Na kitu cha kuchekesha, hawa ni jamii ile ile ya twiga wa mbuga ya Murchison kwetu Uganda, tumelipa ndege kwenda kuwaona ndugu zetu.

Saa tano kamili mnakuwa kwa watoto wa tembo, Sheldrick, kituo kinacholea tembo yatima. Wanafungua kwa wageni saa moja tu kwa siku, saa tano mpaka saa sita, na LAZIMA ubuku kabla kwa intaneti, nafasi zinaisha wiki nyingi mbele. Safari ya kwanza sikujua, nilidhani unafika unalipa, nikawaahidi watoto tembo siku nzima alafu ikabidi niwape aiskrimu na uongo. Kwa hiyo hii ndo tarehe ya kutafuta kwanza, kabla hata ya tiketi ya ndege, safari yote ipangwe kuizunguka. Tembo wanakuja mbio na wale walezi wenye makoti ya kijani, wananyonya chupa kubwa za maziwa, wanajigaragaza kwenye matope mekundu. Mnasimama nyuma ya kamba juani hamna viti, kwa hiyo kofia, na mdogo juu ya mabega ya baba. Saa saba rudini nyumbani mlale. Wote, hata wewe. Jioni hakuna kitu, labda bembea.

Siku ya tatu mjini, na hapa nitagombana na watu wanaosema makumbusho ni ya wakubwa. Anzeni makumbusho ya reli. Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, na jina lake lilikuwa Reli ya Uganda, ingawa Kampala ilifika 1931 tu, waeleze watoto kuwa haya mainjini yalikuwa yanatafuta kwetu. Nje kuna injini za mvuke zimesimama, wanapanda ndani wanashika vyuma vyote, moja ni ile kubwa inayoitwa Mount Gelai, injini za namba yake zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kuna na behewa ambalo mwaka 1900 pale stesheni ya Kima simba aliingia usiku akamtoa Mzungu mmoja kupitia dirishani, yeye ndo alikuwa amekuja kumwinda simba huyo. Nilimsimulia mkubwa kwa sauti ya chini. Aliangalia dirisha, akaangalia mlango, akasema atanisubiri nje.

Baada ya hapo, kama bado wana nguvu, makumbusho ya taifa kuna mifupa ya yule kijana wa Turkana, binadamu wa kale sana, na sanamu ya Ahmed, tembo maarufu wa Kenya, uani, na nyoka wako jirani. Kama nguvu zimeisha, msilazimishe, mimi nakata bila huruma.

Mbuga yenyewe ya Nairobi niliiacha. Gari, masaa manne, mtoto wa miaka 3 anataka kukojoa na huwezi kushuka. Badala yake kuna Safari Walk hapo kwenye lango kuu, mnatembea juu ya daraja la mbao wanyama wako chini, saa moja na nusu imeisha. Ukilipa mbuga yoyote, angalia kwanza kama kuna bei ya raia wa Afrika Mashariki, usibonyeze tu ya wageni.

Chakula msihangaike, posho wao wanaita ugali na ni ngumu kuliko yetu, matoke hutayapata kila kona, chapati ipo kila mahali. Na siku ya kurudi, kama ndege ni jioni, wekeni msitu wa Karura asubuhi, baiskeli za kukodi zipo na maporomoko madogo, watoto wachoke kabisa, walale kwenye ndege mpaka Entebbe.