Kitongoji kikianza kujaa: shika eneo kwanza, tofali baadae

Sie tunaokaa huku barabara ya Bagamoyo, Mapinga, Kerege mpaka kule Zinga, haya mambo tumeyaona kwa macho. Juzi shamba la mikorosho, leo fremu za maduka na bodaboda zimepaki. Watu wanatoka Dar wanafata viwanja vya bei nafuu, wakishahamia ndo wanauliza, jamani shule iko wapi, zahanati iko wapi. Nimekaa kwenye kamati ya kitongoji miaka kadhaa, basi nawaandikia tulivyojifunza, mengine kwa kuumia.

La kwanza kabisa ni eneo. Sio michango, sio ramani ya jengo, ENEO. Hela ya tofali itapatikana hata miaka mitano mbele ila ardhi ikishauzwa ndo basi tena, na dalali yuko haraka kuliko kamati yoyote maana yeye hahitaji akidi. Kaeni muamue shule itakaa wapi, zahanati, soko, makaburi (hili watu wanaona aibu kulitaja, ila mkishakuwa wengi mtazikana wapi?), kiwanja cha mpira na pa kutupa taka. Halafu lisiishie mdomoni. Sie mzee mmoja alitoa ekari tatu za zahanati, tukapiga makofi chini ya mwembe tukaondoka, hakuna aliyeandika kitu. Mzee akafariki, wanae wakauza nusu, na huwezi kuwalaumu sana maana karatasi haikuwepo. Mpaka leo zahanati imebanwa, nyumba ya muuguzi haina pa kukaa, kwa hiyo jioni anapanda bodaboda anarudi mjini na mama mwenye uchungu wa usiku anajijua mwenyewe.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kama bado mko chini ya kijiji, pelekeni jambo mkutano mkuu wa kijiji, aliyetoa eneo asaini mbele za watu, liingie kwenye muhtasari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, kwa hiyo muhtasari ni silaha, sio makaratasi tu. Kisha muiteni afisa ardhi wa wilaya apime aweke bikoni (vigingi vya mpaka), na siku hiyohiyo pandeni minyaa kuzunguka mpaka, maana bikoni inang'oleka usiku mmoja ila uzio wa minyaa kila mtu anauona ukikatwa. Na kabla hamjalipokea eneo nendeni mkalitembelee masika, mwezi wa nne hivi. Kiangazi kila mahali panapendeza, masika ndo utajua kama soko mnaliweka kwenye mkondo wa maji.

Pili, hesabuni watu. Daftari la mwenyekiti wa kitongoji mara nyingi limelala, pitieni nyumba kwa nyumba. Sensa ya 2022 ilionyesha nchi nzima inakua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, yani watu wanakuwa mara mbili kwa miaka kama 22 hivi, sasa huku pembeni ya Dar msitegemee mtasubiri miaka yote hiyo. Hesabuni hasa watoto walio chini ya miaka mitano, hao ndo darasa la kwanza lenu la kesho. Chumba kimoja cha darasa ni wanafunzi 45, mkiwa na watoto 90 wa rika moja basi kila darasa linataka vyumba viwili. Choo cha shule ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, wasichana 400 ni matundu 20. Watu wanajenga madarasa mazuri wanapiga picha, vyoo matundu manne!

Maji: sera ya maji ya 2002 ilitaka gati moja (kituo cha kuchotea maji) kwa watu 250 na mtu asitembee zaidi ya mita 400. Kwa kipimo hicho, mkiwa 1,500 mnahitaji magati sita. Mkichimba kisima kiwe mbali na vyoo, angalau mita 30, na maji yapimwe kabla hamjamaliza kumlipa mchimbaji, huku pwani unaweza kuchimba vizuri tu ukakuta chumvi. Halafu amueni mapema nani anakusanya hela ya ndoo na nani ana funguo, pampu ikifa ndo sio muda wa kuanza kuulizana.

Majengo: msianze yote. Anzeni boma moja (kuta bila paa), kwa nguvu kazi yenu (jamaa wa Tanga wanaita msaragambo), mkifika lenta (zege la juu ya milango na madirisha) ndo muombe halmashauri ya wilaya wasaidie kupaua na kumalizia. Boma lililosimama linaongea kuliko barua, ila maboma matatu yaliyoota majani yanaongea vibaya.

Mwisho kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, ukipeleka ombi mwezi wa sita umepeleka salamu tu. Sie vipaumbele tunavipitisha mwezi wa kumi, vinaenda kamati ya maendeleo ya kata halafu wilayani, na mtendaji anagonga mhuri kwenye nakala yetu kwamba wamepokea. Hiyo nakala anatunza mama mmoja wa kamati kwenye sanduku la vitenge, ofisini mafaili yana tabia ya kutembea.