Kukagua kidonda cha ulimi na shingo, na seli zinachofanya huko ndani

Wadogo zangu matabibu na manesi mlioko Urambo, Kaliua, Sikonge na vituo vya Uyui, swali mnaloniuliza sana ni hili, kidonda kidogo tu cha saratani ya ulimi kinafikaje shingoni wakati mgonjwa mwenyewe anasema hakimuumi? Nawaelekeza namna ya kukagua, na kila mkono unapopita nawaambia seli zinafanya nini hapo, maana ukishajua sababu huruki hatua hata siku foleni imefika nje.

Hatua ya 1, maswali. Shikamoo kwanza, afu tumbaku. Huku kwetu Tabora ukiuliza "mzee unavuta sigara?" ukaishia hapo atakwambia havuti na wala hajadanganya, sigara kweli havuti, ila ana ugoro wake anauweka kati ya mdomo na ufizi tangu ujana. Kwa hiyo uliza sigara, uliza ugoro, uliza ya kutafuna, uliza pombe kali, na kama anaweka mdomoni muulize anaweka upande gani. Bibi naye muulize, usimuonee aibu. Nitrosamini, kemikali za sumu za kwenye tumbaku, zinang'ang'ania DNA ya seli za mdomo na kuiharibu, pombe inazidisha, mabadiliko yanajazana miaka na miaka mpaka siku inaguswa jeni inayoitwa TP53. Hiyo kazi yake ni kusimamisha seli yenye DNA mbovu isizaliane, au iiamuru ijiue. Kwenye saratani za kichwa na shingo ambazo hazijatokana na kirusi cha HPV (kile cha saratani ya mlango wa kizazi), TP53 ndo jeni inayokutwa imeharibika mara nyingi kuliko nyingine.

Hatua ya 2, ulimi. Hapa ndo pa kukaa. Vaa glovu, toa meno bandia kama yapo, shika ncha ya ulimi kwa gozi kavu uvute taratibu kulia kisha kushoto, tochi ya simu inatosha. Angalia pembeni kwa nyuma kabisa, afu mwambie anyanyue ulimi uone chini yake. Ukishaona, bonyeza. Watu wengi wanaangalia tu na kuandika amoksilini, kusema kweli hilo linanikera. Kidonda cha kung'atwa na jino ni laini na mgonjwa anaruka ukigusa, cha saratani kingo zimenyanyuka na chini yake kidole kinakutana na ugumu kama kifundo kwenye mbao, na ugumu wenyewe umepita mipaka ya kidonda, yani juu unaona sentimita moja, chini unapapasa mbili. Kwa sakafu ya mdomo tumia mikono miwili, kidole kimoja ndani, vingine nje chini ya taya, unaipapasa nyama katikati.

Ule ugumu ni nini? Seli za kawaida za ulimi zimeshikana kwa protini inaitwa kadherini-E. Zile za saratani zilizo ukingoni zinapewa ishara na faibroblasti za jirani (seli zinazotengeneza nyuzi za nyama), ishara mojawapo ni TGF-beta, zinalegeza kushikana na kuanza kujongea. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walisoma uvimbe wa mdomo seli moja moja wakakuta hazigeuki kabisa kuwa seli za kujongea, zinageuka nusu, na hizo za nusu zimejipanga mstari wa mbele kabisa zikipakana na faibroblasti. Faibroblasti nazo zinamwaga kolajeni, yani nyuzi ngumu, kwa wingi, ndo hicho kidole chako kinakuta kigumu. Wakati huohuo vimeng'enya kama MMP-2 na MMP-9 vinakata kolajeni aina ya 4 inayojenga utando wa chini, ule unaotenganisha ngozi ya ulimi na nyama ya ndani, na utando ukishatoboka njia iko wazi. Ndo maana siku hizi kina kinapimwa na sio upana peke yake, milimita 5 na milimita 10 ni mipaka inayobadilisha hatua ya ugonjwa.

Muulize pia kama ulimi au mdomo wa chini unakufa ganzi. Neva inatoa kemikali za ukuaji ambazo seli za saratani zinazifuata, zinatambaa nayo, kwa hiyo ganzi isiyo na sababu usiipuuze.

Hatua ya 3, shingo. Simama nyuma ya mgonjwa, ainamishe kichwa kidogo upande unaokagua ili msuli ulegee. Anza chini ya kidevu, chini ya taya, kwenye kona ya taya, shuka na ule msuli mrefu mpaka mtulinga, kisha upande wa pili hata kama kidonda kiko upande mmoja. Seli hazifiki huku kwa bahati. Uvimbe unatoa VEGF-C, kemikali ya kuotesha vijia, vijia vya limfu vinaota na kutanuka jirani yake, na seli nyingine zinabeba kipokezi cha CCR7, wakati tezi za limfu kwa kawaida yake zinatoa kemikali ya CCL21 ya kuita seli za kinga. Mwenye kipokezi hicho anaitika, hata kama ni saratani. Tezi ngumu isiyouma ndo ya kuiogopa, na ukiisukuma ikakataa kusogea huenda saratani imeshatoka nje ya ganda la tezi na kushika nyama, hapo hali ni nyingine kabisa.

Usipopapasa kitu usimwambie mgonjwa shingo ni safi. Utafiti wa Mumbai uliotoka 2015 ulifanywa kwa wagonjwa wa saratani ya mdomo ya mapema wasio na uvimbe shingoni, waliotolewa tezi mapema asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka 3, waliosubiri mpaka tezi zitokee ni 67.5. Zile seli zilikuwepo, mkono tu haukuzifikia.

Hatua ya 4, uvimbe wa shingo usio na kidonda. Kwetu wazo la kwanza ni TB, na mara nyingi ndo yenyewe, lakini usianzishe dawa kwa kukisia wala usiuchane na wembe. Vuta maji ya tezi kwa sindano nyembamba, yapimwe TB na seli. Afu rudi mdomoni na kooni, angalia tonsili, pitisha kidole shina la ulimi. Saratani ya kirusi cha HPV inapenda kujificha huko, protini yake E6 inaangamiza p53, protini ya ile jeni ya TP53, na E7 inaizima Rb, breki nyingine ya kuzaliana kwa seli, kwa hiyo hata asiyejua tumbaku inampata, na shingo inaweza kuvimba kabla koo halijauma.

Hatua ya 5. Kidonda chenye jino kali jirani, sawazisha jino, mpe wiki 2, aje. Kikiwa bado kipo anahitaji biopsi. Kinyama kikatwe ukingoni pamoja na nyama nzima kidogo, katikati pameoza na maabara watakujibu hakuna kitu. Fomalini asilimia 10, ujazo mara 10 ya kinyama, jina uandike kwenye kopo na sio kwenye mfuniko, mifuniko inabadilishana. Kwenye fomu ya rufaa, iwe inakwenda hospitali ya Kitete au Bugando, andika upande, ukubwa, ugumu, na tezi kama inasogea au haisogei, na chukua namba ya simu ya mtoto wake au jirani maana ya mzee mara nyingi imezimwa.