Kununua na kutunza roboti za kugeuka mjini Lubumbashi

Roboti ya kugeuka, ile ya kuchezea inayobadilika umbo, ni mashine kwanza, pambo baadaye. Valkyrie VF-1, ndege ambayo Shoji Kawamori aliibuni kwa ajili ya anime (katuni ya Kijapani) ya Macross iliyoanza kuonyeshwa Japani Oktoba 1982, hupita maumbo matatu: ndege, ndege iliyoota miguu na mikono, kisha roboti iliyosimama wima. Kila mara inapogeuzwa, uzito wote huangukia bawaba chache nyembamba. Hizo bawaba ndizo unazonunua. Boksi zuri haliponyi bega lililopasuka. Mtoto wa Kenya au Katuba, mitaa ya Lubumbashi, aliyewahi kuunda gari la waya anajua tayari: gari hufia kwenye ekseli, si kwenye bodi.

Majina na vipimo

Roboti moja inaweza kuwa na majina mawili au matatu, na asiyejua hilo hupitwa na vitu vizuri. Grendizer, roboti wa katuni ya Kijapani, ndiye Goldorak wa televisheni ya Ufaransa tangu 1978. Golion wa 1981, simba watano wanaoungana kuwa roboti mmoja, aliuzwa Marekani kama Voltron. Valkyrie ya kwanza ya kiwanda cha Takatoku, ya kipimo cha 1/55 (yaani ndogo mara 55 kuliko ya hadithini), iliuzwa na kampuni ya Marekani ya Hasbro mwaka 1985 kwa jina la Jetfire kutoka kalibu zilezile. Kwa hiyo ukikuta Jetfire nyeupe na nyekundu ya zamani katika vitu vya okazioni kutoka Ulaya, umeshika Valkyrie yenye nembo nyingine.

Neno Chogokin kwenye boksi maana yake ni aloi bora kabisa. Lilianza na Mazinger Z wa kampuni ya Popy mwaka 1974, na linaashiria kuwa sehemu ya mwili ni zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Soul of Chogokin ya kampuni ya Bandai ilianza 1997 na inawalenga watu wazima: ni nzito, imara, na viungo vingi vina meno ndani vinavyolia tik-tik vikizungushwa.

Kipimo kitakuambia kama kitu kitaenea kwenye rafu. Valkyrie ya hadithini ina urefu wa mita 14.23. Ya 1/60 itakuwa na sentimita 24 hivi, ya 1/55 sentimita 26, na ya 1/48 inakaribia 30. Kwa anayeanza, 1/60 ya kampuni ya Yamato au Arcadia inatosha, mradi umekagua bega kama ilivyoelezwa hapa chini. DX Chogokin ya 1/48 ambayo Bandai ilianza kuitoa mwaka 2019 ni nzuri kuliko zote kwa mkono wa mtu mzima, lakini inakula nafasi na pesa.

Sokoni, dakika tano

Katika Soko la Kenya, Mzee au Njanja, roboti hufika zikiwa uchi: hazina boksi, hazina karatasi ya maelekezo, mara nyingi hazina bunduki wala ngumi. Hilo si kosa la kuogopa. Kosa liko ndani. Washa tochi ya simu, kisha fuata mpangilio huu.

Kwanza tikisa taratibu karibu na sikio. Kitu kikicheza ndani, kuna skrubu iliyofunguka au springi iliyokatika. Pili, tazama mabega, nyonga na shina la mabawa. Plastiki iliyopindwa kupita kiasi hupauka na kuacha mstari mweupe. Mstari huo ni ufa unaokuja. Valkyrie za Yamato za 1/60, toleo la pili, zile za mwanzo, zinajulikana kwa bawaba ya bega kupasuka, basi hapo kaza macho. Tatu, isimamishe kwa miguu yake juu ya meza ya muuzaji na uhesabu hadi 30. Ikiinama polepole, viungo vya nyonga vimelegea. Hilo linarekebishika, lakini lishushe bei. Nne, chunguza sehemu za chuma: ukiona nyufa kama za udongo mkavu, au chuma kimevimba na kusukuma rangi, rudisha. Hiyo ni zinki iliyochanganyika na uchafu wa risasi tangu kiwandani. Inaozea ndani na haina dawa.

Plastiki ya rangi ya dhahabu yenye mawimbi ya kumetameta, hasa katika roboti za Transformers za mwisho wa miaka ya 1980 na za miaka ya 1990, huvunjika kama biskuti hata kama haijawahi kuguswa. Usiigeuze mbele ya muuzaji. Ikivunjika mkononi mwako, ni yako.

Na nakala za uongo? Neno CHINA chini ya mguu si dalili. Bandai yenyewe hutengenezesha bidhaa zake nyingi huko. Dalili ni harufu kali ya plastiki isiyoisha, rangi iliyovuka mstari, kukosekana kwa jina la mwenye haki (Macross halisi huwa na jina la Big West), na ukubwa. Nakala nyingi hukuzwa kuliko asilia. Beba rula. Nakala si haramu kuipenda, ila usiilipie bei ya asilia.

Kuagiza kutoka Japani

Maduka ya mitumba ya Japani huandika hali ya kitu kwa ukweli kuliko mengi, mradi uyajue maneno. 未開封 ni boksi halijafunguliwa. 中古 ni kilichotumika. 欠品 ni kuna vipande vinavyokosekana, na orodha ya vipande hivyo hufuata hapohapo. 箱痛み ni boksi limeumia, na hili ndilo neno la kulifurahia, kwa kuwa bei hushuka huku roboti ikiwa nzima. ジャンク ni mbovu, inauzwa kama ilivyo. Nunua hiyo kwa ajili ya vipuri tu.

Kabla ya kulipa, piga hesabu ya usafiri. Mizigo ya ndege hulipiwa kwa ukubwa ikiwa ukubwa umezidi uzito. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha ugawe kwa 5000 (wengine hugawa kwa 6000). Boksi la 40 × 30 × 15 ni 18,000, kwa hiyo utalipia kilo 3.6 hata kama roboti haifiki kilo moja. Wengine huomba frigoliti ya ndani, lile povu gumu jeupe, itolewe ili boksi lipungue. Usikubali. Frigoliti ndiyo inayoshika mabawa na antena safarini. Afadhali uache boksi la nje la rangi kuliko kuacha hiyo.

Mzigo unaokuja kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa lori kupitia Zambia hadi Kasumbalesa, ni nafuu lakini hukaa wiki nyingi ndani ya kontena la moto. Omba boksi mbili, moja ndani ya nyingine, zenye nafasi ya sentimita 5 iliyojazwa karatasi pande zote. Hifadhi risiti ya malipo kwa ajili ya DGDA, yaani forodha ya Kongo. Bila risiti, thamani itakadiriwa na mwingine.

Kuigeuza mara ya kwanza

Roboti iliyotoka safarini iache ifikie joto la chumba. Mwezi Juni na Julai usiku wa Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10, na plastiki baridi ni ngumu na hukatika. Subiri saa sita mchana.

Weka taulo mezani ili kipande kikidondoka kisipotee. Tegesha simu irekodi video kuanzia hatua ya kwanza. Kama hakuna maelekezo, video hiyo ndiyo itakayokurudisha nyuma. Kwa Valkyrie, ondoa bunduki na makombora, funga magurudumu yote, kisha teremsha miguu. Toa mikono ikae pembeni. Hapo una umbo la kati. Pumzika na utazame kama kila kitu kimekaa. Halafu rudisha mabawa nyuma kabisa, funika kioo cha rubani kwa ngao yake, na ndipo ukunje pua na mgongo. Anayekunja mgongo huku mabawa yakiwa wazi huyabana na kuyapasua shinani.

Kanuni moja: kiungo kikikataa, kuna kipande kingine kinachokizuia. Rudi hatua moja. Kama umehakikisha njia ni wazi na bado kimekaza, kipulizie hewa ya mashine ya kukaushia nywele kwa moto mdogo, sentimita 20 hivi, sekunde 20 au 30, halafu jaribu ukishika karibu na bawaba, si kwenye ncha ya mkono. Tone moja la mafuta ya silikoni linasaidia. Mafuta ya injini, esansi na dawa za kupulizia za kulegeza kutu ziweke mbali: huingia kwenye plastiki ya ABS iliyobanwa na skrubu na kuipasua siku chache baadaye, wakati umeshasahau ulichofanya.

Kiungo kilicholegea

Kama ni kiungo cha tufe, kichomoe. Paka tufe verni ya kucha isiyo na rangi, safu moja nyembamba, acha saa 24 kikiwa wazi, kisha rudisha. Kikikaza mno, sugua kidogo kwa msasa namba 1000. Supaglu hufanya kazi hiyohiyo, lakini mvuke wake hupausha plastiki ya kioo, basi ondoa kwanza kioo cha rubani. Usirudishe tufe mahali pake gundi ikiwa mbichi. Utakuwa umegandisha bega milele.

Skrubu za Kijapani zina msalaba tofauti kidogo na bisibisi za kawaida, ndiyo maana vichwa huliwa haraka. Chagua ncha namba 0 inayojaa kabisa, kandamiza kwa nguvu, zungusha polepole. Unaporudisha skrubu kwenye plastiki, izungushe kwanza kinyume mpaka uihisi ikidondoka kidogo kwenye njia yake ya zamani, halafu kaza. Bila hivyo unachimba njia mpya, na baada ya mara tatu tundu limekwisha.

Vumbi, mvua na jua

Vumbi jekundu la kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, ni mchanga mdogo. Ukilifuta kwa kitambaa kikavu unakwaruza kioo na rangi. Lipulize kwanza kwa pampu ndogo ya mpira, fuatisha brashi laini ya vipodozi, na mwisho kitambaa chenye unyevu wa maji yenye matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo. Usizamishe roboti yenye chuma ndani. Springi zitashika kutu usikozione.

Mvua zikianza, adui ni unyevu ndani ya boksi. Tupia pakiti za silika zinazokuja na viatu na simu, na uinue maboksi kutoka sakafuni. Toa betri zote za vidonge hata kama taa hazijawahi kuwashwa.

Plastiki nyeupe hugeuka njano kwa jua. Rafu isitazame dirisha. Wapo wanaoirudisha weupe kwa krimu ya maji ya oksijeni ya saluni na jua la saa kadhaa. Inawezekana kwa kipande kisicho na rangi wala stika, ukivaa glavu, lakini mara nyingi njano hurudi. Njano kidogo afadhali uiache.

Vipande laini, yaani matairi, ngumi za mpira na makombora, vifunge kila kimoja kwa karatasi. Mafuta yaliyomo ndani yake huyeyusha plastiki ngumu yanapogusana nayo miaka mingi, na alama inayobaki haifutiki. Makombora madogo na roboti za miaka ya 1970 ziwe juu, mbali na mtoto anayeweka kila kitu mdomoni: kombora linaziba koo, na rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi.