Programu inafunguka sawa, lakini dizaina haioni mitindo

Ukibonyeza F5 (kuiendesha) na programu yako ya WPF, teknolojia ya Microsoft ya kutengeneza programu za Windows, ikafunguka vizuri, huku dizaina ya Visual Studio, yaani dirisha la kuonea skrini unapoiandika, ikikuonyesha vitufe vya kijivu na mstari chini ya jina la mtindo (style, maelezo ya rangi na sura), usiuguse mtindo wenyewe. Hauna kosa. Programu ikiwaka, App.xaml, faili ya mwanzo ya programu, ndiyo hupakia mitindo kwanza, kisha skrini zinaikuta tayari. Dizaina haiiwashi programu yako. Inachora faili uliyofungua tu.

Nitumie mfano wa programu ya mauzo ninayoitunza kwa agrovet moja hapa Nakuru, wanakonunua wakulima wa Njoro na Bahati. Ina miradi miwili. Duka ndio unaowaka, na ndio wenye App.xaml. Duka.Vidhibiti ni maktaba: humo mna skrini ya kaunta, na folda ya Mitindo yenye Rangi.xaml na Vitufe.xaml. Kitufe cha kupokea M-Pesa kinaita StaticResource KitufeKijani, yaani kinaazima mtindo wenye ufunguo (jina) huo mara moja kinapopakiwa. Kwenye dizaina hakipatikani, kwa sababu maktaba haina App.xaml yake.

Kabla ya dawa, hakikisha mambo ya kawaida. Jenga solushoni nzima upya. Bofya faili ya mtindo, angalia Build Action: iwe Page. Njia iandikwe kamili, /Duka.Vidhibiti;component/Mitindo/Vitufe.xaml, na jina la mwanzo liwe la assembly (faili ya .dll inayotokana na mradi), ambalo si lazima lifanane na la folda. Kwenye MergedDictionaries, orodha ya faili za mitindo zinazounganishwa, Rangi itangulie Vitufe, maana StaticResource haiazimi kitu ambacho bado hakijapakiwa. Na funguo mbili zikifanana katika faili mbili, ya chini kwenye orodha ndiyo inashinda. Rangi ikikubadilikia bila sababu, anzia hapo.

Sasa dawa yenyewe. Ndani ya folda ya Properties ya maktaba, weka faili iitwayo DesignTimeResources.xaml. Iwe ResourceDictionary (faili ya kuhifadhia mitindo) inayounganisha Rangi na Vitufe, basi, usiongeze kitu kingine. Kisha fungua .csproj, faili ya mipangilio ya mradi, na mahali inapotajwa faili hiyo kama Page, ongeza ContainsDesignTimeResources yenye thamani true, pamoja na sharti (Condition) '$(DesignTime)'=='true'. Sharti hilo ndilo linalofanya faili isomwe na dizaina tu, isiingie kwenye programu anayopewa mteja. Funga solushoni, uifungue tena. Kitufe kinarudi kijani.

Kuna njia mbili za mkato ambazo vijana wanaoanza huzipenda, na mimi sizitaki kwenye kazi yangu. Ya kwanza ni kuunganisha Vitufe.xaml ndani ya kila UserControl (kidhibiti, kipande cha skrini ulichojitengenezea). Dizaina itanyamaza, ndiyo, lakini kila kidhibiti kitapakia nakala yake ya mitindo, na skrini yenye safu nyingi za bidhaa itaanza kukokota kwenye kompyuta kuukuu ya dukani. Ya pili ni mbaya zaidi: kugeuza kila StaticResource kuwa DynamicResource, inayoendelea kufuatilia mtindo hata programu ikiwa inaendelea. DynamicResource isipopata ufunguo haisimamishi programu. Inaacha kitufe na sura yake ya kawaida. Ukikosea herufi moja ukaandika KitufeKijni, huenda usijue mpaka karani wa kaunta apige simu kuuliza kitufe cha M-Pesa kimeenda wapi. Iweke pale tu rangi zinapobadilika programu ikiwa inaendelea, kama mteja anataka mandhari ya mchana na ya usiku.

Ikiwa umefanya yote na dizaina bado imekaza kamba, huenda inashikilia picha ya zamani. Funga Visual Studio, fungua Task Manager, ua mchakato wa WpfSurface, au XDesProc kama mradi ni wa .NET Framework kwenye Visual Studio ya zamani, kabla ya 2022. Futa folda za bin, obj na .vs, kisha jenga upya. Folda ya .vs ikienda, madirisha uliyoyaacha wazi pia yanaenda, kwa hiyo kumbuka ulikuwa faili gani.