Mita 60 za mto zipimeni kwa kamba

Ndugu zangu, Wiki ya Maji ikifika Machi, msiwafungie watu ukumbini kuwahubiria utunzaji wa vyanzo. Nendeni nao mtoni mkiwa na kamba ya katani ya mita 10. Anzieni ukingoni, ilazeni mara sita mfululizo, kisha chomekeni kijiti chenye kitambaa chekundu. Hapo ndipo zinapoishia mita 60 ambazo ndani yake Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, hapa Tanzania, inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu ukingo wa mto. Wengi tunaitaja namba hiyo bila kujua inafika wapi.

Mtu akiona kijiti kimesimama ng'ambo ya matuta yake ya mchicha, anaelewa mwenyewe. Naomba tu asidhalilishwe mbele ya wenzake; mpeni nafasi avune kwanza.

Kamba waishike watoto, maana mara nyingi wao ndio wachotaji. Na mkipanda miti hapo, chagueni mikuyu. Mikaratusi ipelekeni mbali kabisa na mto, inakunywa maji mno.