Mtoto Ameingia Timu ya Kuogelea: Mwongozo kwa Familia Mpya

Familia nyingi zinazojiunga na timu ya kuogelea ya watoto hazishindwi na maji. Hushindwa na mambo ya nje ya maji: miwani inayovuja, mtoto asiyejua asimame wapi, mzazi anayefika bwawani wakati wenzake wameshamaliza kupasha misuli. Yote haya yanafundishika, na ni afadhali mzazi ayajue mapema kuliko mtoto ayajue kwa kulia.

Je, yuko tayari?

Timu si darasa la kujifunza kuogelea. Katika mazoezi, njia moja ya bwawa huweza kuwa na watoto watano au sita wanaofuatana, na kocha anayesimama ukingoni hawezi kumshika mmoja mkono. Kabla ya kulipa chochote, omba mtoto ajaribiwe. Kipimo cha haki ni hiki: aogelee mita 25 uso ukiwa majini, bila kushika kamba ya njia wala kusimama, alale chali juu ya maji kwa utulivu, na azame kidogo bila kushtuka. Mtindo wake usikusumbue, hiyo ni kazi ya kocha. Lakini kama anashika kamba kila baada ya mita chache, miezi michache zaidi ya masomo ya kawaida itamfaa kuliko timu. Anayeingizwa mapema huishia kuwazuia wenzake nyuma yake, naye huliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Muulize kiongozi wa timu mazoezi ni mara ngapi kwa wiki (kwa mtoto wa miaka 7 hadi 9, mara mbili au tatu zinatosha), ada inajumuisha nini na haijumuishi nini, na wazazi hutakiwa kujitolea kazi zipi. Mara nyingi usajili wa chama cha kuogelea na ada za mashindano hulipwa kando, na hapo ndipo familia hushtuka. Uliza pia kuhusu usalama wa watoto. Timu iliyojipanga itakujibu bila kusita kwamba simu na kamera haziruhusiwi vyumba vya kubadilishia nguo, kwamba mtu mzima hakai faraghani na mtoto mmoja, na kwamba ujumbe wa kocha hupitia kwa mzazi. Wakisitasita, tafuta timu nyingine.

Kama mtoto ana pumu au kifafa, kocha aambiwe kwa mdomo na kwa maandishi, na pampu ya pumu ikae ukingoni mwa bwawa, si ndani ya begi chumbani.

Vifaa: anza na miwani

Miwani ndiyo huharibu mazoezi mengi kuliko kitu kingine. Usiichague kwa rangi. Iweke machoni pa mtoto bila kuvuta mkanda, ibonyeze kidogo, kisha iachie. Ikijishika yenyewe kwa sekunde mbili au tatu, inamkaa. Ikidondoka papo hapo, hata mkanda ukazwe vipi itavuja, kwa sababu kukaza kupita kiasi hupinda mpira unaozuia maji. Kama inavuja upande wa pua, badilisha kwanza kipande cha puani. Miwani mingi huja na vipande vya ukubwa tofauti. Mkanda upite juu kidogo nyuma ya kichwa, usishuke shingoni. Usifute ndani ya kioo kwa kidole, maana utaondoa dawa ya kuzuia ukungu. Suuza tu kwa maji. Na awe na miwani miwili, kwa sababu mkanda haukatiki siku unayotaka wewe.

Vazi libane mwili. Lile linalonunuliwa kubwa "ili alikulie" hujaa maji na kumvuta nyuma. Klorini hula nyuzi zinazovutika, kwa hiyo kila baada ya mazoezi lisuuzwe kwa maji baridi yasiyo na klorini, likamuliwe kwa kulibonyeza ndani ya taulo bila kulisokota, kisha lianikwe kivulini. Kofia ya silikoni ni nene na haing'oi nywele kama ile nyembamba ya mpira. Ni rahisi kuivaa mtoto akishika ukingo wa mbele kwenye paji la uso nawe ukivuta nyuma.

Ubao wa kupigia miguu, boya la mapajani na mapezi visubiri. Mabwawa mengi huwa na mbao zake, na kocha atasema lini vingine vinahitajika. Vazi maalumu la mashindano halimsaidii anayeanza. Fedha hiyo ibaki mfukoni. Andika jina kwenye kila kitu, hata malapa.

Wiki za kwanza

Fikeni dakika 15 kabla. Mtoto aende chooni, kisha aoge vizuri kabla ya kuingia. Si adabu tu: jasho na mkojo vikikutana na klorini hutengeneza kemikali zinazowasha macho na kuwakohoza waogeleaji. Ile harufu kali ambayo wengi huiita ya klorini, mara nyingi ni ya mchanganyiko huo.

Mambo mawili humchanganya mtoto mgeni, na yote mawili unaweza kumweleza nyumbani. La kwanza ni kuzunguka. Watoto katika njia moja huogelea kwa duara, kwenda upande mmoja wa mstari mweusi ulio sakafuni mwa bwawa na kurudi upande wa pili, wakiachana sekunde 5 au 10. Upande wa kuanzia hutofautiana, kwa hiyo aulize kabla ya kuingia. Anayetaka kumpita mwenzake humgusa mguu kidogo, na aliyeguswa humpisha ukutani, kwenye kona. Asiposimama konani, wanaofuata hawana pa kugeukia.

La pili ni saa. Kocha akisema "50 mara nne kwa dakika moja na nusu," maana yake ni mita 50, mara nne, na kwamba kila baada ya dakika 1 na sekunde 30 wanaondoka tena, kuogelea na kupumzika vikiwa ndani ya muda huo huo. Anayefika kwa dakika 1 na sekunde 10 hupata sekunde 20 za kupumzika. Anayefika kwa 1:20 hupata 10. Mtoto asiyejua hili hudhani wenzake wanaondoka kiholela.

Mzazi akae mbali na ukingo. Mtoto anayeelekezwa na kocha mbele na mzazi nyuma hamsikii yeyote.

Mkataze kabisa mchezo wa kushindana kukaa chini ya maji, hasa kwa kuhema haraka haraka kwanza. Kuhema huko hupunguza kaboni dioksidi mwilini, ile inayomlazimisha mtu kutafuta hewa, hivyo anaweza kuzimia majini bila dalili yoyote. Vilevile asipige mbizi upande wenye kina kifupi. Kanuni za kimataifa hutaka kina kisichopungua mita 1.35 mbele ya majukwaa ya kurukia, na hata hapo mtoto huruka baada ya kufundishwa, si kabla.

Masikio yakaushwe kwa taulo, kichwa kikiinamishwa upande mmoja kisha wa pili. Vijiti vya pamba visiingizwe. Sikio linalouma ukilivuta kidogo ni la kupelekwa kwa daktari.

Mashindano ya kwanza

Kwa siku hiyo, msajilie mashindano mawili au matatu tu, mafupi. Pasipo na muda wake wa awali, atawekwa miongoni mwa wanaoanza, na hapo ndipo mahali pake.

Orodha ya mashindano ikitoka, tafuta vitu vitatu kwa kila shindano: namba ya shindano, hiti (kundi atakaloogelea nalo), na njia. Viandike kwa kalamu isiyofutika kwa maji kwenye mkono wa mtoto, kabla hujampaka mafuta ya kuzuia jua. Ukichelewa wino haushiki. Mwonyeshe pa kukusanyikia wanaoitwa. Wanaokosa shindano kwa kawaida hawakuchelewa bwawani, walikuwa chooni au kwenye vitafunwa jina lao likiitwa.

Filimbi huenda hivi. Milio mifupi mfululizo ni ishara ya kuvua nguo za juu na kujiandaa. Mlio mrefu ni wa kupanda jukwaani. Kwa mtindo wa mgongo, huo ni wa kuingia majini, na mrefu wa pili ni wa kurudi ukutani kushika. Kisha hutolewa amri ya kukaa tayari, na hapo atulie kabisa hadi mlio wa kuanza. Anayeanza kabla ya mlio hutolewa. Wakati wa kuruka, kidevu kikae karibu na kifua, maana kuinua uso ndiko kunakoshusha miwani.

Matokeo yake yakifutwa, si aibu. Hutokea kwa wengi wanaoanza. Sababu za kawaida ni kugusa ukuta kwa mkono mmoja kwenye mtindo wa chura au kipepeo, ambako mikono yote miwili lazima iguse pamoja; kupiga miguu kwa kupishana kwenye mitindo hiyo; na kugeuka kifudifudi kabla ya kugusa ukuta mwishoni mwa mtindo wa mgongo. Hilo la mwisho lina dawa: bendera zilizotundikwa ziko mita 5 kutoka ukutani, basi mazoezini ahesabu mikono mingapi humfikisha kutoka hapo. Pingamizi, kama lipo, ni la kocha. Mzazi hamwendei mwamuzi.

Chakula kamili kiliwe saa mbili au tatu kabla. Katikati ya mashindano, ndizi au kipande cha mkate na maji kidogo kidogo vinatosha. Beba taulo mbili na nguo ya joto, kwa sababu mtoto aliyelowa hupoa haraka akisubiri.

Ukiombwa kupima muda, kubali; ndiyo nafasi nzuri kuliko zote ya kutazama. Anzisha saa kwa kuona mwanga wa kifaa cha kuanzishia, si kwa kusikia mlio: sauti huchukua takriban sehemu 7 za 100 za sekunde kusafiri mita 25, na watoto hupishana kwa chini ya hapo. Mwishoni sogea ukingoni na utazame chini ukutani, usimamishe saa pale sehemu yoyote ya mwili wa mwogeleaji inapogusa. Saa zikiwa tatu na zote zikitofautiana, ya katikati ndiyo rasmi.

Muda wake uandike kwenye daftari, wa bwawa la mita 25 ukurasa mmoja na wa mita 50 mwingine. Bwawa fupi lina mageuzo mengi, na kila msukumo wa ukuta huongeza kasi, kwa hiyo muda wa huko ni mdogo zaidi. Ukivichanganya utadhani mtoto amerudi nyuma, kumbe bwawa ndilo limebadilika.