Kamera ya taimulapsi kwa ESP32-CAM: kazi iko kwenye umeme na mwanga

Kamera ya taimulapsi hupiga picha moja kila baada ya dakika chache, kisha picha huunganishwa kuwa video fupi. Programu ya kamera hii inaandikika jioni moja. Kinachoangusha wengi ni umeme na mwanga.

Vifaa: bodi ya ESP32-CAM (bodi ndogo yenye chipu na kamera) yenye sensa ya picha ya OV2640, kigeuzi cha USB kwenda serial (bodi yenyewe haina tundu la USB), memori kadi ya GB 4 iliyofomatiwa FAT32, kapasita ya 470 µF, betri ya 18650 yenye saketi ya kuchajia ya TP4056, kipandisha volti cha kutoa volti 5, na kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza.

Kupandisha programu, TX ya kigeuzi iende U0R, RX iende U0T, GND kwa GND, 5V kwa 5V. Unganisha IO0 na GND, bonyeza kitufe cha kuwasha upya, pandisha. Ukimaliza chomoa waya wa IO0, maana ukiusahau bodi itakaa ikisubiri programu nyingine na hakuna picha itakayopigwa.

Mzunguko wenyewe ni mfupi: amka, piga, hifadhi, lala. Weka ukubwa wa UXGA (1600 × 1200) na ubora wa jpeg 10. Hapa namba ndogo ndiyo picha nzuri. Sensa ikitoka usingizini haijauzoea mwanga, hivyo picha za mwanzo hutoka na giza au ukijani. Chukua fremu 10 uzitupe, ya 11 ndiyo uihifadhi. Mizani ya weupe (white balance, mpangilio wa rangi kulingana na mwanga) ifunge kwenye hali ya jua, la sivyo video itabadilika rangi kila wingu likipita.

Kadi ifungue kwa SD_MMC.begin("/sdcard", true). Hilo neno true linaiachia pini ya 4, ambayo kadi na taa ya flashi huigombania. Bila hilo taa humulika kila picha inapohifadhiwa. Muda wa kulala huandikwa kwa maikrosekunde: dakika 5 ni 300000000, haina shida, lakini saa nzima inafurika kwenye int (aina ya kawaida ya namba nzima), kwa hiyo andika 3600ULL * 1000000ULL. Namba ya picha usiiache kwenye RTC_DATA_ATTR (kumbukumbu inayodumu bodi ikilala) peke yake. Betri ikikatika inarudi sifuri, na picha mpya zinafuta za zamani. Tumia Preferences, maktaba inayohifadhi namba hata umeme ukikatika.

Sasa umeme. Ukiona "Brownout detector was triggered", kodi haina kosa: volti imeshuka kamera ilipowaka. Fupisha nyaya, tumia nene kidogo, weka kapasita kati ya 5V na GND karibu kabisa na bodi. Pawabenki nayo ina hila yake. Bodi ikilala inavuta umeme kidogo mno, pawabenki inadhani simu imejaa, inajizima, na hutapata picha ya pili. Ndiyo sababu tumechagua 18650. Hata hivyo usitegemee miezi: kidhibiti volti kilichomo kwenye bodi hula takriban mA 5 hata chipu ikiwa imelala, kwa hiyo betri ya mAh 2500, picha kila dakika 5, panga kuibadilisha baada ya siku nne.

Lenzi imegundishwa kiwandani kwa umbali wake. Ikiwa jengo unalopiga linatoka ukungu, izungushe polepole kwa koleo ndogo hadi likae sawa. Ndani ya kopo, lenzi iguse kioo (upande wa kopo unaopitisha mwanga) ili isipige mwakisi wake yenyewe, na weka pakiti ya silika jeli, maana alfajiri kioo hutokwa jasho. Funga kopo kwenye nguzo au ukuta. Mti huyumba, na video itayumba nao.

Picha 288 za siku moja zinatoa sekunde 11.5 kwa fremu 25 kwa sekunde. Ziunganishe kwa ffmpeg, programu ya kompyuta ya kutengeneza video, hivi:

ffmpeg -framerate 25 -i picha%05d.jpg -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p video.mp4

Ukifuta picha za usiku, zipe zilizobaki namba upya kwanza, kwani ffmpeg husimama kwenye pengo la kwanza.